Mwaka Tulioshtakiwa kwa Salamu

Ilianza Jumanne, tarehe 11 Februari 2014, saa kumi na moja kasoro robo jioni, nyuma ya jiko la shule, kwenye mawe tuliyokuwa tukisugulia masufuria. Saa naijua kwa sababu niliiandika siku ileile. Nilikuwa msichana wa kuandika kila kitu na kusema karibu hakuna. Nilikuwa kidato cha tatu, nimetoka Kibondo kuja kulala bweni Kasulu, na darasani nilikuwa kimya kiasi kwamba mwalimu wa historia aliwahi kuniandika mtoro nikiwa nimekaa mbele yake. Jioni hiyo zamu ya vyombo ilikuwa yangu na ya Zuhura, msichana mrefu, binti wa muuza spea za pikipiki pale mjini. Tulikuwa darasa moja tangu kidato cha kwanza na hatukuwahi kuambiana neno zaidi ya "nipishe". Alikuwa anasugua sufuria la maharage kwa majivu huku ananong'ona: ka, ki, ku, ke, ko. Anasugua, anarudia. Nikadhani kachanganyikiwa, anajifundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Nikajikaza nikamuuliza anasoma nini. "Kijapani," akasema, wala hakuinua kichwa. Nikamuuliza nani anamfundisha. "Hakuna. Na wewe njoo, tusifundishwe wote."

Sikuikumbuka jioni hiyo kwa sababu ya utamu wake, niliikumbuka kwa hasira. Mwaka jana walitualika wasichana wa zamani kwenye mahafali ya shule, kwa kuwa kulikuwa na wageni wa Kijapani waliosaidia kuleta matangi ya maji. Turubai, viti vya plastiki, spika inayokoroma. Aliyekuwa makamu mkuu wa shule wakati wetu, sasa mstaafu mwenye mvi zilizochanwa vizuri, akapewa kipaza sauti kama mzee wa shule. Sote tulikuwa tukimwita Makamu tu, na hata siku hiyo wakamwita hivyo hivyo. Akasema, na mkalimani akawatafsiria wageni, kwamba shule hii tangu zamani imekuwa ikiwatia moyo vijana wanaojifunza lugha za mataifa. "Mwaka elfu mbili na kumi na nne," akasema, "tulikuwa na mabinti hapa wanajifunza Kijapani wenyewe, bila mwalimu. Sisi tukawalea." Tukawalea! Wageni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na soda mkononi, nikaiweka chini ya kiti. Nikatoka nje ya turubai nikampigia Zuhura, ambaye siku hizi yuko Dar es Salaam, nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Konso, mwache mzee wa watu. Kasema tulilelewa? Basi tumelelewa." Zuhura ndivyo alivyo, anasamehe kama mtu anayekung'uta kanga na kuendelea na safari. Mimi si hivyo. Mimi nimekuja nyumbani nikakaa mezani kuandika namna tulivyolelewa.

Bweni letu lilikuwa refu kama ghala, na kwa kweli lilipata kuwa ghala la tumbaku kabla ya kuwa letu. Siku za mvua kuta zilitoa harufu ile mpaka kwenye mashuka. Vitanda vya deka vilipangwa mistari miwili, na chini ya kila kitanda kulikuwa na tranka mbili za bati. Kona ya mwisho, upande usio na dirisha, ndiyo tuliyoichukua, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Zuhura aliruhusiwa kwenda mjini kila Ijumaa kuswali, na akitoka msikitini alipita dukani kwa baba yake, akaazimwa simu, akakaa juu ya tairi nyuma ya kaunta na kunakili somo kutoka mtandaoni, herufi kwa herufi, mpaka simu iishiwe chaji. Jioni anarudi na karatasi zinanuka grisi. Tulizibandika kwa ugali upande wa ndani wa vifuniko vya tranka, ili ukifungua kuchukua sabuni unakutana na herufi. Wa tatu wetu alikuwa Sesilia wa Munanila, mwenye kelele za watu watatu, ambaye alikuja kwa sababu alidhani tunagawana chakula. Kweli tulikuwa tunagawana. Zuhura alileta mawese kwenye kichupa, tukayatia kwenye maharage ya shule, na maharage yale yaliyokuwa yameoshwa zaidi ya kupikwa yakageuka kuwa chakula cha binadamu. Sesilia akala, akalamba vidole, akauliza, "Haya, sasa hicho Kijapani chenu kinaanzia wapi?"

Kilianzia mahali ambapo sote tulikuwa sawa, na hilo ndilo nataka mtu anayeanza leo alisikie. Kwenye Kiingereza nilikuwa nimechelewa kabla sijaanza. Walikuwapo wasichana waliosoma shule za kulipia, nikifungua mdomo wanatazamana. Nikisema Kiswahili nikateleza kwenye "l" na "r", kama tunavyoteleza wengi tuliolelewa na Kiha, watu wa mjini wananiigiza hadi usiku. Hapa kona ya tumbaku hakukuwa na wa kuniigiza. Aliyejua herufi kumi alikuwa mwalimu wa aliyejua tano, na wa tano alikuwa mwalimu wa asiyejua kitu, na kesho yake unakuta wa mwisho kawapita wote kwa kuwa jana alifua kidogo na kusoma sana. Zuhura alikuwa na sheria moja, asiyejua asiombe radhi. Ukisema "samahani nimesahau" anakukatisha: "Nani kakushtaki? Sema tena." Siku alipotuambia kwamba huko Japani "l" na "r" ni sauti moja, hawana ugomvi nazo, Sesilia aliruka kutoka kitandani akapigiza kichwa kwenye deka la juu. "Basi Wajapani ni Waha! Walipotea tu njia!" Na kweli, sauti nyingi zilituingia mdomoni bila kupiga hodi. Ka, ki, ku, ke, ko, kila moja ina irabu yake mwishoni kama maneno yetu. "Hiki ni Kiswahili kilichopanda ndege," Zuhura alikuwa akisema. Herufi ndizo zilitutesa. Lakini kuteswa mkiwa wengi, na kila mmoja anaona mateso ya mwenzake, kulikuwa karibu na furaha.

Sasa nieleze kosa letu, maana ndilo lililotufikisha mbele ya wazazi. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu Zuhura alirudi na somo la adabu. Kwenye kile kioo kidogo cha simu ya baba yake aliona picha ya mwanamke amesimama mbele ya jengo la mbao, ameinama, viganja vimekutana, na chini yake maelezo kwamba wanainama na kupiga makofi mara mbili. Chaji ikaisha kabla hajasoma zaidi. Alipotusimulia, mimi na Sesilia tulitazamana. Kwetu mwanamke akikutana na mkubwa wake asubuhi anainama, anapiga makofi ya chini chini, viganja vimekunjwa kama vinashika maji, huku anaamkia: mwakeye. Bibi yangu anasalimia hivyo, mama Sesilia anasalimia hivyo, hata wanaume wazima wanapiga. Sisi tungejuaje kwamba yule mwanamke wa kwenye picha hakuwa anasalimia mtu, bali alikuwa mahali pao pa ibada? Tuliona makofi na kuinama, tukamaliza kusoma kwa macho ya kwetu. "Si nilisema ni Waha!" Sesilia akapiga kelele. Basi tukamfundisha Zuhura, maana yeye, ingawa amezaliwa Kasulu, wazee wake ni watu wa pwani na hakuwa akijua. Alikuwa anapiga makofi makali kama ya mkutano wa siasa. Sesilia akamshika mikono, akaikunja. "Taratibu wewe! Unamwamkia mtu, humfukuzi kunguru." Zuhura alijaribu mpaka ikatoka ile sauti ya chini. Akasema, "Nimekua na watu wa hapa maisha yangu yote, wanaingia dukani wanapigiana makofi, mimi wananipa 'mambo vipi'. Hakuna aliyewahi kunifundisha." Tangu siku hiyo, kila alfajiri kwenye foleni ya maji, tukikutana tulipigiana makofi mawili, tukainama, tukasema "ohayoo gozaimasu", ambayo ndiyo habari za asubuhi yao. Nilikuwa nasema kwa sauti. Mimi!

Makamu alitukuta hapo mara ya kwanza mwezi wa nne. Alikuwa mtu wa kutembea bila kusikika, viatu vya soli ya mpira, mikono nyuma. Akauliza ni lugha gani. Zuhura akamwambia. Alicheka, na foleni nzima ikacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Kiingereza chenyewe kinawatoa kamasi, mnataka Kijapani? Kitawasaidia nini? Mtaongea na nani hapa, na mbuzi?" Nimewaza swali hilo kwa miaka. Kitakusaidia nini. Watu wanaliuliza kwa sauti ya hekima, kama wanakuokoa na shimo, na hawajui kwamba lenyewe ndilo shimo. Hakuna aliyemuuliza mtoto wa mkubwa mmoja pale shuleni kinanda kitamsaidia nini. Ni sisi tu ambao kila tunachokipenda kilipaswa kitoe hesabu mapema. Na nikwambie wewe unayejifunza mwenyewe, uliyepo mahali pasipo na mwalimu wala kitabu: swali hilo usilijibu. Ukilijibu leo, kesho wanakuletea lingine. Zuhura hakulijibu. Alisema tu, "Asante, Mwalimu," na Makamu alipokwisha kupita yeye akanigeukia, "Haya, Konso. Herufi ya tano ilikuwa ipi?"

Kufikia kiangazi tulikuwa wasichana wengi kiasi cha kuijaza ile kona, tumekaa hadi juu ya tranka. Mmoja wao alikuwa Butoyi wa kidato cha kwanza, mdogo kuliko umri wake, kutoka Muyama, anakaa na bibi yake. Alikuwa anashika herufi haraka kuliko sisi wakubwa na hakuwa na habari kwamba ni jambo la ajabu. Mwezi wa nane bomba likakauka, tukawa tunateremka kijitoni na ndoo kabla ya jua. Uji ukapungua, sukari ikasahaulika. Kisha Butoyi akaanguka. Ilikuwa asubuhi mstarini, wimbo wa taifa haujaisha. Alienda chini kama shati linaloteleza kutoka kwenye kamba. Jioni akaanguka mwingine bwenini, huyu akapiga mayowe, na mayowe yakaangusha wawili zaidi. Waliowahi kukaa shule za wasichana wanajua ninachosema. Likianza halisikii amri. Miaka ile tena ndiyo ilikuwa ya habari za frimasoni, kila redio na kila kijiwe, nani kajiunga, nani kamtoa nani kafara. Siku ya pili nilitumwa kuni, nikiwa nyuma ya rundo nikamsikia matroni anaongea na mama mpishi.

"Yako ndani ya tranka," matroni alisema. "Nimeyaona kwa macho yangu. Maandishi ya kushuka chini, hayaendi pembeni kama ya watu."

"Yoo! Na yule mtoto aliyeanguka wa kwanza?"

"Si alikuwa anakaa nao! Na nani anayaleta? Kila Ijumaa huyo wa pwani anarudi na karatasi. Wale si unawajua, mambo yao ya majini."

"Ndiyo maana asubuhi wanainamiana," mama mpishi akasema, na nikasikia ameacha kukoroga. "Mimi nilijiuliza, wanamwinamia nani?"

Nilisimama pale na kuni zangu nikiona joto linapanda shingoni. Mama mpishi, ambaye kila siku alimsalimia mleta mkaa kwa makofi na kuinama, alikuwa anajiuliza tunamwinamia nani. Mchana huohuo walifungua tranka. Matroni alizibandua karatasi kwa kisu cha jikoni, na pale ugali uliposhika sana akakwangua bati. Zilichomwa nyuma ya vyoo, mchungaji mmoja akiomba na sheikh mmoja naye akiomba, kila mtu upande wake wa moshi. Tukaambiwa wazazi wataitwa, na mpaka hapo Zuhura akalale ofisini kwa matroni, mbali na wenzake. Ilijulikana wazi kitakachoamuliwa. Atafukuzwa shule, na kwa jina lile la mchawi hakuna shule nyingine ya mkoa mzima itakayompokea. Butoyi alikuwa amepelekwa hospitali ya Kabanga. Alirudi siku moja kabla ya kikao, ana vidonge kwenye bahasha ya kaki, akatuambia alichoambiwa na daktari mbele ya matroni: ni malaria, na damu imepungua kwa kutokula. Malaria! Nikasema basi, yamekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilidhani ukweli ukishafika mlangoni mkutano unavunjika. Matroni alikuwa amemweleza Makamu jioni ileile. Makamu akasema malaria inaweza kutumwa.

Kikao kilifanyika kwenye bwalo, asubuhi. Waliotuhumiwa tulikaa kwenye benchi mbele, tumewatazama wazazi kama watu wa kupigwa picha. Baba yake Zuhura alikuja na kanzu na koti juu yake, akakaa pembeni mwenyewe. Viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki wazi ingawa kuna watu walisimama. Makamu alikuwa mlangoni anapokea wageni. Ndipo akaingia bibi yake Butoyi, ametembea kutoka njia panda, vumbi hadi magotini. Alipomfikia Makamu akainama, akapiga makofi yale ya chini. "Mwakeye." Na Makamu, ambaye ni Mha kama sisi, akainama vilevile, akapiga makofi vilevile, akamjibu. Niliona. Benchi zima tuliona. Sesilia alinifinya paja mpaka nikaumia.

Kisha Makamu akasimama mbele, akatoa simu mfukoni. "Wazazi wangu, mimi sisemi kwa kusikia. Nimefanya utafiti." Akasema kila alfajiri tunapiga makofi mawili na kuinama, na kwamba ametafuta mtandaoni na kukuta hii ni ibada, watu wa huko wanafanya hivyo mbele ya miungu yao. Akaipitisha simu. Ilitembea mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliitazama kichwa chini miguu juu, akatikisa kichwa kwa huzuni, akampa jirani. Na hapo ndipo tulipojua wenyewe kwamba ile picha tuliisoma vibaya. Zuhura alinitazama, midomo ikataka kucheka na macho yakataka kulia. Makamu akauliza kama kuna mwenye swali. Sikupanga kusimama. Miguu ilisimama, na mimi nikawa juu yake.

"Naomba kusema, Mwalimu."

"Nani huyo?" Kweli hakunijua.

"Konsolata."

"Sema kwa sauti, wazazi wasikie."

"Ni mwakeye."

"Ni nini?"

"Ni mwakeye, Mwalimu. Tuliona picha, hatukujua ni ibada. Tulidhani na wao wanaamkiana kama sisi. Kama ulivyoamkiana na bibi yake Butoyi pale mlangoni sasa hivi."

Kuna mtu alikohoa. Kisha yule bibi akajiinua kwa kushika bega la jirani. Kiswahili chake kilikuwa cha kukanyagia mawe, lakini kila neno lilifika. "Ego, ndiyo! Mtoto kasema. Mimi nimekupigia makofi, mwalimu, na wewe ukanipigia. Sasa mimi na wewe tulikuwa tunamwabudu nani?" Kina mama walicheka. Walicheka kwa kujifunika midomo na kanga, kisha bila kujifunika, na wanaume wakafuata, na mimi nikiwa bado nimesimama nikafikiri tumepona. Bibi akaongeza, "Huyu mjukuu wangu ana malaria. Mpeni uji." Wakacheka tena.

Makamu alingoja. Huo ndio ujuzi wake ambao sitamsamehe. Alijua kungoja kicheko kiishe. Aliifuta simu kwa leso, akairudisha mfukoni, akasema kwa upole kabisa, "Nimewaelewa. Nimekosea kwa hawa. Wanangu hawa ni Waha, salamu ni ya bibi zao, nani atawakataza? Lakini huyu." Akanyoosha kidole. "Huyu bibi yake yuko pwani. Kwao hawapigi makofi. Yeye alikuwa anafanya nini?"

Vichwa viligeuka vyote pamoja. Nimejaribu mara nyingi kueleza ilivyokuwa kuona bwalo lile, lililokuwa likicheka nasi sekunde chache nyuma, likipata mahali pa kuweka hofu yake. Walifarijika. Watoto wao wametoka, amebaki mmoja, na huyo si wao. Neno langu la kweli alikuwa amelichukua mkononi mwangu, akalikata katikati, akatuokoa sisi kwa nusu moja na kumpiga Zuhura kwa nusu ya pili. Nilifungua mdomo tena akaniambia, "Kaa, Konsolata, wewe umeshasamehewa." Nimesamehewa nini? Mpaka leo nauliza.

Zuhura alisimama. "Shikamooni wazazi." Wachache waliitika. "Nilikuwa nawaamkia wenzangu. Wao ndio walionifundisha, nikaona ni salamu nzuri." Akakaa. Hata sasa nikisikia watu wanajadili namna ya kuishi na wageni, semina, posho, mabango, namkumbuka Zuhura alivyoyasema yote kwa maneno yale machache mbele ya watu waliomtazama kama nyoka aliyeingia jikoni.

Makamu akaanza kusema kamati itatoa uamuzi. Baba yake Zuhura akainuka, akakunja mkono wa koti. Alikuwa na sauti ndogo, ilibidi watu waache kunong'ona. "Mwalimu, pikipiki yako hiyo hapo nje, cheni nimeifunga mimi. Nimezika mama yangu hapa Kasulu, na wengi wenu mlinibebea jeneza. Leo ndiyo mnaniambia mwanangu ni mgeni." Akatazama ile safu ya viti vitupu pembeni yake, kimoja kimoja. "Kamati isijisumbue. Zuhura, mama, kachukue tranka lako." Wakatoka. Hakuna aliyewazuia. Wiki zilizofuata shule iliandika kwamba mwanafunzi amehamishwa na mzazi wake, na hivyo ndivyo ilivyobaki hadi leo, safi, hakuna aliyefukuzwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama chini ya turubai na kusema tulilelewa. Kabla ya kufunga kikao Makamu alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo lugha isiyo kwenye ratiba ni marufuku ndani ya uzio, awe Mha, awe nani.

Jioni ile kona yetu ilikaliwa na mimi na Sesilia tu. Wengine walipita mbali. Sikuwalaumu, wengi walikuwa kidato cha kwanza na cha pili, walikuwa wameonyeshwa bei ya kujaribu kitu usichokijua. Hicho ndicho kilichoniuma kupita yote. Zuhura angejiendeleza popote, mtu aliyejifunza juu ya tairi haachi kwa sababu ya bwalo. Lakini wale wadogo, ambao miezi michache tu nyuma walikuwa wamegundua kwamba mtu anaweza kuanza bila ruhusa, sasa wangekwenda nyumbani wakiamini kuanza ni hatari. Wangekuwa kama nilivyokuwa mimi nikiingia shule ile, wanajua mengi na hawasemi kitu. Sesilia alisema, "Tuache, Konso. Tuchape mitihani tutoke." Nilimwambia nitaona.

Asubuhi iliyofuata zamu ya kufagia uwanja wa mstarini ilikuwa yetu. Nilitoka kabla ya kengele, nikafagia upande wote wa mbele, chini ya mlingoti wa bendera, mpaka vumbi likawa laini kama unga wa muhogo. Kisha nikageuza ufagio, nikaandika kwa mpini herufi tano za kwanza, kila moja urefu wa mtu aliyelala. Wasichana walianza kurudi kutoka kijitoni na ndoo kichwani. Walisimama. Mmoja alifanya ishara ya msalaba, maji yakamwagikia uso. Sesilia alinong'ona, "Konso, utatumaliza wewe," lakini hakuondoka. Alisogea akasimama kando ya mkia wa herufi ya pili ili mtu asiikanyage. Butoyi alikuwa nyuma ya wote, na sweta siku ya joto, bado ana homa. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi na nikajua nani yuko ndani. Nikaweka ufagio chini, nikawageukia, nikasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni:

"Nani hajui hata moja? Aje hapa mbele."